Mwalimu Aliyetufundisha Kukataa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa bingwa wa kukataa, mradi pasiwe na mtu aliyemwomba kitu. Akiwa na chaki mkononi aliweza kumkataa gavana, askofu na mfalme kwa pumzi moja. Akishaiweka chaki chini, jirani angemwomba shati la mgongoni naye angeanza kufungua vifungo.

Simtaji jina. Wanaomjua watamjua, na wasiomjua hawapungukiwi kitu. Sisi tulimwita Papa Mwalimu. Tulikuwa wanafunzi tisa, mwanamke mimi peke yangu, na jina langu aliliandika katika daftari lake kwa wino mwekundu, kwa sababu eti mwanamke lazima aonekane. Asante sana. Miaka mitatu baadaye watu wenye bunduki walilitaka daftari lile. Kama leo niko hapa ninawachosha kwa mdomo huu, ni kwa ajili ya jinsi alivyowajibu, na kuna mtu mwingine ambaye kwa ajili ya jibu hilohilo hayupo. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Haya mengine ninayatanguliza ili mumjue mtu kabla ya kumhukumu, maana kuhukumu ni kazi mnayoipenda.

Mwaka wa sitini Wabelgiji walipoondoka mbio, mji wetu wa Kalemie, uliokuwa bado Albertville kwenye karatasi, ulibaki na viti vingi vitupu. Kimoja kilikuwa cha simu, katika biro, yaani ofisi, ya bandari. Nilikuwa nimesoma kwa masista, najua Kifaransa na kushona, basi wakanikalisha pale nichomeke nyaya. Haikupita muda wakaja askari wa kofia za buluu, waliotumwa kutuletea amani, na wote wakawa wanapiga simu kwa Kiingereza. Mimi nikawa ninajibu ndiyo kwa kila kitu. Siku niliyomwambia ofisa mmoja ndiyo, akaleta lori tatu kuchukua mzigo ambao haukuwepo, mkubwa wa biro aliniambia nikajifunze lugha au nirudi kwenye sindano.

Mwalimu wa lugha ile alikuwa mmoja tu mji mzima. Alikuwa amekaa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, miaka kumi na mmoja, mpishi wa bibi mmoja Mwingereza, na alirudi na mwavuli, birika la chai lenye ufa na suruali zilizopigwa pasi hata magotini. Darasa lilikuwa kwenye barza ya nyumba yake karibu na reli, saa kumi, kazi zikiisha. Treni ikipita alinyamaza mpaka behewa la mwisho, kisha akairudia sentensi kutoka mwanzo, hata kama ilikuwa imebaki neno moja.

Walimu wengine huanza na salamu. Yeye alianza na kukataa. Alisema salamu hata kasuku anaziweza, lakini anayejua kukataa kwa Kiingereza amekwisha kufika nusu ya safari. Mwingereza, alituambia, hakatai kama sisi. Haishii kwenye sitaki. Anajenga kwanza dunia isiyokuwepo, anakuingiza humo, halafu anakukatalia hata humo. Hata ungenipa chai yote ya Wachina, nisingefanya. Hata ningekuwa nimekufa, watu wasingenikuta mahali pale. Hata kwa pondo refu nisingekigusa. Hilo likitokea, nitakula kofia yangu. Na kubwa kuliko yote, aliyoisema akiwa amefumba macho kama padri kwenye misa: utalifanya hilo baada ya kupita juu ya maiti yangu.

Tuliandika yote, tena kwa mwandiko mzuri. Karani mmoja wa reli aliuliza kwa nini Mwingereza aingize maiti yake katika mambo haya, wakati hapa kwetu mtu akitaja kifo chake ovyo mama yake anatema mate chini na kumwambia anyamaze, wachawi wasisikie. Papa Mwalimu alijibu kwamba Waingereza hawana wachawi, wana mvua tu. Mwingine, aliyezaliwa kwa wavuvi, alisema pondo ni la kusukumia mtumbwi. Huyo hakujibiwa.

Mimi niliuliza swali moja, nikalijutia baadaye. Niliuliza yule bibi wa Kigoma alikuwa anakataa vitu gani kwa maiti yake. Papa Mwalimu akafikiri kwa uaminifu. Mapazia ya kijani, alisema. Haradali. Kucheza dansi na mume wa rafiki yake. Nikauliza, na vitu vikubwa? Akasema, kwa mfano, mpishi aliyemtumikia miaka saba alipoomba ruhusa avuke ziwa akamzike mama yake, hapo hapakuwa na maiti wala chai ya Wachina. Bibi alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba anaogopa haitawezekana.

"Alikuwa anaogopa nini, Papa?"

"Hakuogopa kitu, mama. Njo heshima yao."

Aliyasema hayo kwa njo ya kwetu, pale wengine wasemapo ndiyo, akicheka, na sisi tukacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nilicheka kuliko wote.

Sasa njoo umwone huyo bingwa barabarani. Watu wa Kalemie, tusidanganyane, hatujui kusema hapana. Ukimwomba mtu akusaidie kuezeka Jumamosi na hataki, anakwambia ndiyo, kabisa, mapema, halafu Jumamosi unaezeka peke yako, na Jumatatu mnasalimiana vizuri. Papa Mwalimu aliidharau tabia hiyo kwa Kiingereza na kuishi nayo kwa Kiswahili. Alisema ndiyo ya mji huu ni uongo uliovaa suti. Jumapili moja alikuwa amekubali kuwa papa wa ubatizo wa watoto watatu, katika makanisa mawili, saa ileile. Wazazi watatu walisimama milangoni mwa makanisa wakinyoosha shingo. Yeye alikuwa kitandani, shuka mpaka kichwani, anaumwa ugonjwa ambao ulipona saa ya chakula.

Aliwahi pia kuwa mkalimani, kazi aliyoifanya siku moja tu. Wavuvi wa ufukoni walikwenda kwa ofisa wa kofia za buluu kumwomba wajenge banda la kukaushia dagaa kando ya kambi. Ofisa, ambaye pua yake ilikuwa imekwisha kuteswa vya kutosha, alisema kwa sauti ya kusikika bandarini kwamba watajenga baada ya kupita juu ya maiti yake. Ndiyo sentensi aliyoipenda mwalimu wetu maisha yake yote, inatoka mdomoni mwa mwenye lugha, mbele ya mashahidi! Papa Mwalimu akawageukia wavuvi, akawatazama wazee wale wenye kofia mikononi, akatafsiri: amefurahi kuwaona, atafikiri. Wavuvi walipiga makofi wakamshukuru ofisa. Kesho yake asubuhi wakaja na miti na nyasi, na saa nne banda lilikuwa limesimama. Ofisa hakufa. Aliitwa mkalimani mwingine.

Nilimsuta kwa hilo. Aliniambia kwamba maneno yale ni mazuri sana lakini yanahitaji mtu wa kuyapokea, na wazee wale hawakuwa wamemkosea kitu. Nikamwambia basi anatufundisha silaha asizoweza kuzishika. Akasema mwalimu wa kuogelea si lazima aloe. Alikuwa na majibu ya namna hiyo mengi, na yote yalikuwa na matundu.

Mimi mwenyewe nilijaribu kuzitumia silaha zile. Alikuja karani wa forodha kunichumbia, mtu wa pomada nyingi, na badala ya kumwachia shangazi amwambie taratibu kwamba mtoto bado ni mdogo, mimi nikalitoa somo la tatu kwa Kiswahili: hata ungekuwa mwanaume wa mwisho duniani. Aliniuliza wengine wamekwenda wapi. Nikasema hawajakwenda popote, ni mfano. Akasema basi kwa nini ninawaua wanaume wote kwa ajili yake, kwani amenifanyia nini? Shangazi alinifungia ndani siku mbili, na familia ile haikutusalimia tena mpaka vita. Papa Mwalimu aliposikia aliipa sentensi yangu alama tisa juu ya kumi.

Katika sisi tisa, mwanafunzi ambaye Papa Mwalimu alimpenda kwa dhati alikuwa Mukalay, fundi umeme wa karakana ya reli. Nasema alimpenda kwa kuwa mbele yake tu mwalimu hakuona haya kukosea. Mukalay alikuwa anauliza mpaka mwisho wa jambo, na akishalielewa anatabasamu kama mtu aliyekula. Mama yake alikuwa mjane wa Kabimba, kule kaskazini kwenye machimbo ya chokaa, na kila mwezi alimletea mwalimu wa mwanawe samaki wakavu waliofungwa kwa majani. Mwaka wa sitini na tatu homa ilimshika Mukalay siku nne tu, ya tano tukamzika. Papa Mwalimu alilia pale makaburini kwa sauti, akashikwa mikono na watu wawili, na barza ilifungwa wiki nzima.

Siku ya kumaliza matanga mama alituma watu kumwalika Kabimba. Alisema ndiyo, kabisa, mapema. Tulikwenda wanafunzi wanne na yeye hakuonekana. Pale mjomba alimkalisha mdogo wa marehemu kwenye mkeka, akampaka udongo mweupe kwenye paji la uso, akamrithisha jina la kaka yake kama ilivyo desturi, ili jina lisilale nje. Kuanzia saa ile kijana yule aliitwa Mukalay. Mama alimwita hivyo, jirani walimwita hivyo, hata mtoto wa marehemu aliambiwa baba yako huyu hapa.

Tuliporudi, Papa Mwalimu alitupokea kwa aibu, akauliza kama mama anaendelea vizuri, akaanza kueleza tumbo lililomzuia. Tulimwonea huruma tukamwambia wanamsalimu. Habari ya jina sikumwambia. Nani anamwambia mtu kwamba mvua jana ililowesha? Nimelala na swali hilo miaka mingi.

Halafu ukaja mwaka wa sitini na nne, kiangazi, na waasi wakaingia mji. Sitayasimulia yao, wako wanaoyasimulia vizuri zaidi kwa kuwa hawakuwepo. Nitasema tu kwamba kofia za buluu walikuwa wamekwisha kwenda zao, na mtu akawaambia hao vijana kwamba wote waliosoma Kiingereza ni masikio ya wageni. Mimi nilichoma madaftari yangu chini ya sufuria ya ugali, nikajifunga kitenge kibovu cha shangazi na kuuza mihogo. Simu ya bandari ilikuwa imekwisha kufa. Kiingereza changu chote kilikuwa katika wino mwekundu wa mtu asiyeweza kumkatalia hata mbuzi, na nilijua hivyo kila nilipofungua macho.

Walimwendea. Mkubwa wao alikuwa kijana aliyetaka aitwe Kapiteni. Alisema anataka daftari la majina. Papa Mwalimu akamwambia ndiyo, Kapiteni, karibu kiti. Daftari liko kwa mwanafunzi, kesho litafika. Kesho yake wakaja. Ndiyo, Kapiteni, mwanafunzi amekwenda kijijini Bendera, anarudi kesho. Siku ya tatu miwani ilikuwa imevunjika. Siku ya nne daftari lilipatikana lakini mchwa walikuwa wamelila, na kweli akawaonyesha daftari lililoliwa na mchwa, la mapishi. Aliwapa chai kila siku. Aliwaita "watoto wangu." Hakusema hapana hata mara moja, na kila ndiyo yake iliondoka na siku nzima. Lile daftari lenyewe lilikwisha kuwa majivu tangu jioni ya kwanza. Mimi niliyemcheka kwa miaka mitatu nilikuwa ninaishi kwa ndiyo zake, moja moja, bila kujua.

Siku ya tisa Kapiteni hakukaa. Alimwambia Papa Mwalimu kwamba chai imetosha. Ama anataja jina moja sasa hivi, ama wanashuka naye mtoni, na wakitoka hapo wataanza kwa jirani zake. Papa Mwalimu akatafuta kichwani mtu ambaye bunduki haiwezi kumfanya kitu tena. Akampata. Akasema Mukalay, kwao Kabimba, kwa mama mjane. Alidhani amewapa kaburi.

Walikwenda Kabimba na gari la chokaa. Waliuliza watu Mukalay yuko wapi. Kijana yule alikuwa juu ya paa la mama yake, anaezeka. Akajibu kwa adabu kutoka juu.

"Njo mimi."

Walimchukua, hakurudi. Kiingereza hakujua hata neno moja.

Mwezi uliofuata serikali ilirudisha mji, na Papa Mwalimu hakuonekana tena. Wengine walisema amevuka kwenda Kigoma, wengine kwamba amekufa. Sisi wanane tulikuwa hai wote, na tulikwepana njiani kama watu waliogawana kitu cha wizi. Mwaka wa sitini na tano, mvua zikianza, nilipanda lori kwenda Kabimba kumpa pole mama ya Mukalay. Nilichelewa mwaka mzima. Ninajua.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, yaani yeye, mwalimu. Bila miwani, bila viatu, suruali imekunjwa, analima matuta ya mihogo. Alinisalimu kwa Kiswahili. Nilikaa kwenye jiwe na yeye akanieleza yote haya niliyowasimulia, siku hadi siku, bila kujipunguzia hata moja. Habari ya Kabimba aliisikia wiki ile ile sokoni, kwa mwanamke muuza chokaa. Akaja kwa miguu. Alimwambia mama kwamba alikuwa mwalimu wa mwanawe na anataka kumsaidia kulima, basi. Amelima tangu hapo. Analala kwenye banda la mbuzi na anakula jikoni kwa mama.

"Anajua?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kwamba hajui. Halafu akasema kuna jambo lingine. Mama hana mtoto wa kiume tena, na jina limelala nje mara ya pili. Mjomba amekuja juzi, wamezungumza, wameona kwamba mtu aliyemlimia mama mwaka mzima bila kuombwa huyo ni mtoto. Jumamosi wanataka wampake udongo mweupe. Wanataka yeye arithi jina.

"Na umewajibu nini?"

Nilijua: ndiyo, kabisa, mapema. Aliangalia jembe. Akaniomba, kwa kuwa mimi nina mdomo, niingie nimwambie mama badala yake. Mtu huyo alikuwa amenipa maisha yangu na alikuwa ananiomba jambo moja tu.

"Hapana, Papa. Hii utaisema wewe."

Alilaza jembe kwenye tuta. Kisha akanawa mikono na miguu kwenye ndoo, akashusha suruali, akaenda. Nilimfuata mpaka mlango wa jiko nikasimama hapo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachagua dagaa, anatoa mchanga. Papa Mwalimu alipiga magoti kwenye vumbi. Hakuweka mfano, hakuweka kama wala hata.

"Mama, hapana. Hilo jina siwezi kulichukua. Mimi njo nililitaja kwao."

Mama hakuinua macho. Aliendelea na dagaa, mmoja mmoja, mpaka ungo ukaisha, na mimi pale mlangoni nilitamani apige kelele, ampige, amwite muuaji. Alisimama, akajifunga kitenge upya. Akachukua sahani ya Papa Mwalimu, ile ya bati, kutoka kwenye kichanja cha vyombo, akampa mkononi kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Upande wa mto bado haujalimwa," akamwambia. "Utalima na kule. Lakini kwangu hutakula tena."

Akatoka jikoni, akaingia nyumbani akafunga mlango. Papa Mwalimu alibaki amepiga magoti na sahani mkononi. Halafu akainuka, akachukua jembe, akashuka upande wa mto.